Burse ya merite haiombwi kwa magoti

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanafunzi finalisti, walimu na wazazi, Beni. Tunayaweka hapa kwa wale wenye hawakuweza kufika.

  

Watu fulani walituuliza: "Nyinyi munajulikana kwa maandamano, kwa kudai maji, barabara na usalama. Mambo ya burse ya kwenda kusoma ng'ambo inawaangalia nini?" Swali ni nzuri. Jibu letu ni hili: burse ni mali. Kuko mali ya madini, kuko mali ya kodi, na kuko mali ya nafasi. Kila mwaka nafasi za kusoma zinatoka ndani ya nchi na inje, zingine zinaandikwa kwa jina la "watoto wa Kongo". Nani anazipata? Kwa njia gani? Mali yenye hakuna mtu anajua hesabu yake, mara nyingi inaishia mikononi mwa wachache. Njo maana inatuangalia.

Tuanze na lile neno lenyewe. Burse ya merite, maana yake ni masomo yenye mtu analipiwa kwa sababu amestahili: amesoma, amefaulu, ameonyesha kazi yake. Si kwa sababu ya kabila yake, si kwa sababu baba yake anajulikana na mkubwa fulani. Ili burse iitwe ya merite, inaomba mambo matatu. Sharti zijulikane mbele ya mashindano kuanza. Kila mwenye kutimiza sharti aweze kuweka dosie yake. Na matokeo yatangazwe, kila mtu aone nani alishinda. Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, jina linabaki merite lakini kitu chenyewe kimekuwa pendeleo. Musisahau haya matatu, tutayarudilia.

Hii habari si mpya kwa nchi yetu. Wakati Kongo inapata uhuru, 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache sana, ungeweza kuwakalisha ndani ya darasa moja. Thomas Kanza alikuwa wa kwanza kati ya wasio mapadri, alimalizia Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Miaka 4 tu mbele ya uhuru! Wakoloni walikuwa wanachagua nani asome na asome nini, na chaguo lao lilikuwa kwamba karibu mtu yeyote asifike mbali.

Kisha uhuru, milango ilifunguliwa ghafla. Moscow ilianzisha chuo kikuu mwaka 1960 kwa vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye kusoma kwa burse. Mwezi wa 2 wa 1961, kisha kifo cha Lumumba kujulikana, kile chuo kilipewa jina lake. Lilitolewa 1992, na 2023 likarudishwa. Basi muone: jina la Mkongomani linakaa juu ya mlango wa chuo cha ng'ambo, na huku kwetu kijana wa Oicha au wa Mangina hajui hata anaanzia wapi kwa kutafuta nafasi.

Na tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, wanafunzi wa Lovanium waliingia barabarani Kinshasa. Walikuwa wanaomba nini? Burse iongezwe, na wanafunzi wawe na sauti katika uongozi wa chuo. Askari wa Mobutu waliwapiga risasi. Wengi walikufa. Miaka 2 kisha, wenzao walitaka kuwakumbuka, Mobutu akawaingiza kwa nguvu katika jeshi. Tunawaambia hii ili mujue: katika nchi hii kuko watu wenye walikufa ju ya neno burse. Hawakuomba zawadi. Walikuwa wanadai haki.

Sasa tuingie ndani ya mambo yenyewe. Leo kijana mwenye amemaliza sekondari na anataka burse ya kuanza chuo kikuu, si ya kumalizia, anakuta milango ya namna tatu.

Mlango wa kwanza ni burse za nchi kwa nchi. Maroko inatoa kupitia shirika lake la ushirikiano, AMCI. China iko na zake, Urusi iko na zake. Kwa zingine kati ya hizo, kama zile za AMCI, haiko wewe unaweka jina lako. Ni serikali ya nchi yako inakuweka. Hapo njo tatizo letu linaanzia. Kwa mlango huu, hata kama uko na 85%, ufunguo haubaki kwako. Unabaki ndani ya ofisi. Nafasi ni ngapi mwaka huu? Zimegawanywa namna gani kati ya majimbo 26? Tangazo lilibandikwa wapi, siku ngapi mbele ya kufunga? Mwanafunzi wa Beni alikuwa na siku ngapi za kutafuta makaratasi? Haya ni maswali ya raia, na jibu lake si siri ya serikali.

Kuko nchi zingine zenye zinakubali mwanafunzi ajiandikishe yeye mwenyewe. Uturuki ni mfano mzuri. Burse yao inaitwa Türkiye Bursları. Kujiandikisha ni kwa intaneti na ni bure kabisa. Kwa mwaka wa kwanza wa chuo, unapaswa kuwa chini ya miaka 21 na kuwa na alama angalau 70%. Kwa udaktari wa watu, wa meno na famasi, wanaomba 90%. Inalipa masomo, nyumba ya kulala, bima ya afya, makuta kidogo ya kila mwezi, tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi, na mwaka mmoja wa kujifunza kituruki. Kwa kawaida inafunguka mwezi wa 1 na inafungwa mwezi wa 2. Musikie vizuri: mwezi wa 2, wakati finalisti wa kwetu bado anahangaika na minervali ya trimesta ya pili! Mwenye kungoja matokeo ya Exetat ili aanze kutafuta, amekwisha kuchelewa. Finalisti anaweza kuweka dosie na buletini zake za shule.

Mlango wa pili ni burse za vyuo vyenyewe. Hapa kuko kitu kimoja chenye wengi hawajui. Chuo cha Toronto, Kanada, kiko na burse yenye inaitwa Lester B. Pearson. Kila mwaka inachukua vijana karibu 37 kutoka dunia nzima, na inalipa masomo, vitabu na makao kwa miaka 4. Lakini mwanafunzi hawezi kujitokeza peke yake. Ni shule yake njo inamtaja, na shule inataja mwanafunzi mmoja. Papa Prefe, maneno hii ni yako. Mwanafunzi anaweza kuwa wa kwanza wa jimbo nzima, kama shule haikumtaja mbele ya tarehe, mlango umefungwa. Kazi yote ni ya masaa machache mbele ya kompyuta. Tunaomba kila shule ya mji huu ichague mwalimu mmoja wa kufuata mambo haya. Mmoja tu.

Kwa Marekani, mambo iko tofauti na vile watu wanasema kwa barabara. Vyuo vikubwa kabisa kama Harvard, Yale, Princeton na MIT havitoi burse ya merite. Vinakuchagua bila kuangalia kama uko na makuta, hata kama unatoka inje, kisha vinalipa sehemu yenye familia yako haiwezi. Maana yake: kuingia ni kugumu sana, lakini mwenye kuingia na hana kitu, umaskini haumfungii mlango. Kuko pia chuo kidogo cha Berea, jimbo la Kentucky: hakiombi mwanafunzi yeyote makuta ya masomo, na kila mwanafunzi anafanya kazi ndani ya chuo. Kote huko kiingereza ni sharti, na viza ni mlima mwingine wa kupanda kisha kukubaliwa.

Mlango wa tatu ni burse za fondasio. Kubwa zaidi kwa Afrika ni programu ya Mastercard Foundation, yenye ilianza mwaka 2012. Inafanya kazi na vyuo kama Makerere ya Uganda, Chuo Kikuu cha Rwanda, USIU ya Nairobi na Ashesi ya Ghana. Kila chuo kiko na sharti zake na tarehe zake, kwa hiyo lazima usome ukurasa wa kile chuo chenyewe. Lakini wote wanaangalia mambo mawili pamoja: akili ya kijana na ugumu wenye amepitia. Wanaita kwa nguvu wasichana, wakimbizi, watu wenye walihamishwa na vita, na watu wenye ulemavu. Ndugu zangu wa Beni, muko munasikia? Kuko mlango wenye unauliza si tu "ulipata ngapi" lakini pia "ulipata hiyo katika hali gani".

Na hapa kwetu kuko Excellentia, programu ya Fondasio Denise Nyakeru Tshisekedi, yenye inachukua walio bora wa Exetat. Walaureati wake wamestahili, na tunawapigea mikono. Lakini tunasema pia kwa heshima: masomo ya mtoto mwenye akili haipaswi kutegemea fondasio ya mke wa raisi, awe nani, leo ao kesho. Raisi anapita, fondasio yake inapita. Leta njo inabaki. Burse ya taifa inapaswa kuwa na sheria yake, mfuko wake ndani ya bajeti, na orodha yake yenye kila mtu anaweza kusoma.

Sasa tufike kwa mitego. Iko miwili, na yote imekula makuta ya familia za hapa.

Mtego wa kwanza ni ile "burse ya 50%". Unaona tangazo kwa WhatsApp: picha ya jengo zuri, bendera, na maneno "umepata burse ya 50%, jiandikishe leo". Tufanye hesabu pamoja. Tuseme masomo ni dola 6 000 kwa mwaka. Nusu imeondolewa, inabaki 3 000. Ongeza nyumba, chakula, bima, makaratasi ya kukaa: tuseme 3 000 ingine. Papa atafute dola 6 000 kila mwaka, kwa miaka 4. Ni 24 000. Iko wapi burse hapo? Kama kila mwenye kujitokeza anapewa ile 50%, hiyo si merite. Ni bei tu, yenye imeandikwa mara mbili ili ionekane ndogo. Vyuo vya binafsi vya Kupro ya kaskazini vinajulikana kwa matangazo ya namna hiyo, na vijana wengi wa Kongo wako kule. Wamoja wanasoma vizuri. Wengine walishindwa kulipa mwaka wa pili, wakabaki bila masomo na bila makaratasi, ndani ya eneo lenye ni Uturuki peke yake inalitambua kama nchi. Hatusemi musiende. Tunasema: mbele mama auze kiwanja, muulize maswali manne. Burse inalipa nini? Haitalipa nini? Ni ya mwaka mmoja ao ya masomo yote? Nikipata alama ndogo, wataiondoa? Jibu litoke kwa chuo chenyewe, kwa maandishi. Mtu wa ajensi anakula komisyo kwa kila kichwa. Yeye si mwenye wa kuuliza.

Mtego wa pili ni wezi kabisa. Anakuandikia: "Hongera, umechaguliwa, tuma dola 150 za dosie kwa M-Pesa, leo mbele ya saa kumi na mbili." Wewe hata hukujiandikisha! Mushike hii: burse ya kweli haikuombe ulipe ili uipate. Chuo kinaweza kuomba makuta kidogo ya kuangalia dosie ya kuingia, hiyo ni kweli, na kwa vyuo vingi mwenye hana uwezo anaweza kuomba asamehewe. Lakini hakuna serikali ya nchi yenye inapokea makuta ya burse kwa namba ya telefone ya mtu. Ukiona haraka, ukiona siri, ukiona namba ya mtu binafsi, funga. Kisha leta ile namba na ule ujumbe kwetu, tuwajulishe wengine.

Sasa, tuseme umefanya yote vizuri. Umechaguliwa. Bado uko na vita ya makaratasi, na hapa tunaongea na serikali mbele ya kuongea na nyinyi.

Ya kwanza, diploma. Unafaulu Exetat, unapewa atestasio, lakini diploma yenyewe inaweza kuchelewa miaka. Chuo cha inje kinauliza: "Diploma iko wapi?" Utajibu nini? Mwanafunzi amefanya sehemu yake. Alilipa makuta ya kushiriki, aliketi siku zote za mtihani, alifaulu. Leta inakosa nini ili ichape karatasi moja?

Ya pili, paspoti. Munakumbuka ile paspoti ya dola 185. Mwaka 2017 shirika la habari Reuters lilionyesha kwamba katika kila 185, ni 65 tu ilikuwa inaingia kwa leta; zingine zilikuwa zinakwenda kwa makampuni. Mwaka 2020 bei ilishushwa kufika 99. Haikushuka peke yake. Ilishuka kisha waandishi wa habari na mashirika ya raia kupiga makelele miaka mitatu. Kwa hiyo mtu akisema makelele yetu haisaidie kitu, mumuonyeshe ile paspoti.

Ya tatu, ambasade. Nyingi ziko Kinshasa, na toka huku hakuna barabara ya kukufikisha kule. Ni ndege. Mtoto wa Kinshasa anapanda basi kwenda kuomba viza. Mtoto wa Beni analipa tiketi ambayo papa wake hajawahi kuona makuta yake pamoja. Wote wawili wako na 80%. Merite ni moja, lakini barabara si moja. Tunaomba burse zote zenye zinapitia serikali zibebe pia safari ya mteule mwenye anatoka mbali. Bila hiyo, ni burse za watoto wa Kinshasa peke yao.

Turudi kwenu sasa. Najua wengi wenu muko munasema ndani ya moyo: "Mimi nilipata 62%, hizi maneno si zangu." Ngoja kidogo. Kwetu, 50% ni kufaulu. Mwalimu wa Kongo akikupa 70%, umetoka jasho kweli. Kuko nchi zingine zenye 70% ni alama ya mwanafunzi wa kawaida tu. Mwenye kusoma dosie yako Ankara ao Toronto hawezi kujua hiyo kama hukumuambia. Ombeni shule iandike karatasi moja, na muhuri na sahihi ya prefe: namna tunatoa alama, darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, na wewe ulikuwa wa ngapi. "Wa 2 kati ya 54" inaongea sana kuliko "68%". Kwa ile burse yenye imeandika sharti ya 70%, karatasi hiyo haitaondoa sharti. Lakini kwa zingine zenye zinasoma dosie nzima, inaweza kubadilisha hali.

Na kuko ile barua ya kujieleza. Hapa ninaomba munisikie sana. Tangu 2014 muji huu na vijiji vyake vimezika watu wengi. Kati yenu kuko wenye walipoteza papa, mama, ndugu. Kuko wenye walifanya mtihani huku wakilala kwa familia ya kuwapokea, watu kumi na tano ndani ya vyumba viwili. Andikeni ile hali, ju ni kweli, na mwenye kuhukumu merite yenu lazima aijue. Lakini musiuze mateso. Musiandike kama mtu mwenye anaomba kwenye njia. Sema kilichotokea kwa mistari mitatu, kisha sema ulifanya nini. Ulifundisha wadogo kusoma wakati shule imefungwa? Andika. Ulikuwa unauza mafuta asubuhi na kusoma mangaribi kwa taa ya telefone? Andika, na useme ulipata ngapi muhula ule. Watu wa burse wanatafuta mtu mwenye anatembea, si mtu mwenye analia tu. Na musidanganye hata mara moja. Kuko kijana mwenye anataka kuongeza kifo ili barua iwe nzito. Hapana. Wafu wetu si alama za kuongeza kwa buletini.

Kuko pia mambo ya udanganyifu wa mtihani, na hapa tunaongea bila kufunika. Mwanafunzi mwenye ananunua majibu ya Exetat, mzazi mwenye anachanga makuta ya "kuona vizuri" wasimamizi, wanafikiri wanamsaidia mtoto. Wanaharibu 80% ya mwenzake mwenye alisoma. Siku chuo cha inje kitasema "alama za Kongo hatuziamini tena", haitachagua mwenye alinunua na mwenye alitoka jasho. Wote watalala inje. Hatuwezi kudai merite kwa wakubwa huku sisi tunaiuza kwa mlango wa darasa.

Nimalizie na lile swali lenye mzee mmoja alituuliza: "Munawafundisha vijana kukimbia nchi?" Hapana, mzee wetu. Daktari Mukwege alisomea udaktari inje ya Kongo, kule Bujumbura, sababu hakupata njia hapa. Kisha akaenda Angers, Ufaransa, kuongeza. Mwaka 1989 alirudi Lemera, hospitali ya milimani. Angeweza kubaki Ufaransa na hakuna mtu angemuhukumu. Mwenye anaenda kusoma hajasaliti nchi, na mwenye anabaki kusoma hapa hajashindwa. Nchi inasalitiwa na mwenye anaketi juu ya nafasi za wote na kuzigawa kwa jamaa yake.

Na tuseme ukweli wote: wengi kati yetu hatutapata burse ya inje. Vijana 37 wa Toronto ni wa dunia nzima. Kwa hiyo, ile tunayoidai kwa burse, tunaidai pia kwa vyuo vya hapa hapa: sharti wazi, mlango wa wote, matokeo yenye kutangazwa. Mtoto wa Beni mwenye anataka kusoma Butembo, Bunia ao Kisangani, naye anastahili burse ya merite, na ya kwake haiombi viza.

Kwa hiyo, haya njo madai yetu, tutayapeleka kwa maandishi kwa wizara yenye kuhusika, na nakala kwa wabunge wa mji huu:

1. Kila burse yenye nchi rafiki inapitisha kwa serikali itangazwe kwa redio, kwa shule na kwa intaneti, na hesabu ya nafasi na sharti zake, katika majimbo yote, siku 30 mbele ya kufunga.

2. Majina ya walioteuliwa, alama zao na jimbo lao yabandikwe kila mwaka.

3. Diploma ya Serikali itolewe ndani ya mwaka ule ule mwanafunzi amefaulu.

4. Mteule mwenye anatoka mbali na Kinshasa asaidiwe safari ya viza.

Na nyinyi muko na kazi ya juma hii. Tengenezeni dosie mbele ya kutafuta burse: buletini zote za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya shule yenye nafasi yako darasani, barua ya ukurasa mmoja. Piga picha safi za yote, zitume kwa barua pepe yako mwenyewe, ili hata nyumba ikikimbiwa usiku, dosie haikimbie. Tunasema hii kwa sababu munajua namna tunaishi. Kisha mukae watatu watatu: mmoja akinunua mega, watatu wasome. Kila siku ya posho kisha saa nane, kikundi chetu kitakuwa hapa hapa na kompyuta mbili, kwa kusoma sharti pamoja na nyinyi. Hatulipishi. Mtu akiwaomba makuta kwa jina letu, ni mwizi.

Musipige mtu magoti ju ya kile mumestahili. Ombeni kwa heshima, jiandikisheni kwa wakati, na pale mlango umefungwa gizani, tutaenda pamoja kugonga mchana, mbele ya watu wote.